Waliokubali Njia Ifungwe

Jumanne hiyo, saa mbili na nusu asubuhi, Wanu Simai alikuwa amepiga goti nyuma ya banda lake la baiskeli pale Paje, kautumbukiza mpira wa ndani kwenye beseni la maji, anatafuta tundu la pancha. Alikuwa na baiskeli nane za tairi pana, zile ambazo waliozitengeneza huziita za mlimani, ingawa Unguja nzima haina mlima wa kumchosha mbuzi. Wageni wanne walikuwa wakimsubiri barazani na kofia zao ngumu kichwani. Viputo vilipotoka karibu na mshono, Wanu akaweka alama, akakwangua, akapaka gundi, akabandika kiraka, na saa tatu kasorobo wakaondoka wote watano.

Walikuwa wanakwenda kwenye njia. Ilianzia nyuma ya Mwambajuu, kijiji alichozaliwa Wanu, ikaingia maweni, ikapinda baina ya vichaka na majabali, ikapita kando ya pango lenye maji baridi, ikatokea barabara kuu baada ya kilomita kumi na moja. Kabla ya kuwa njia ya baiskeli ilikuwa njia ya kuni, na mama yake Wanu, Bi Shemsa, aliipita miaka arubaini. Alipofariki, Wanu na wanawake wenzake wa kijiji waliingia na mapanga, wakaifyeka miezi mitano, wakang'oa mawe yenye meno na kuyapanga pembeni. Wanu hakuwa na kazi nyingine. Barabara ya lami ilikuwa ya malori, na hakuna mgeni anayekaa hewani masaa kumi ili aje apuliziwe moshi. Zaidi ya kazi, aliipenda njia ile. Akiwa humo peke yake aliweza kumkumbuka mama yake bila ya kuumia, na pahala pengine popote hakuweza.

Walipofika kwenye kona ya pangoni, Wanu akahisi baiskeli imesimama. Miguu ilikuwa inazunguka, mnyororo unavuta, gurudumu la nyuma linageuka na kurusha vumbi kidogo, lakini jiwe lililokuwa kulia kwake lilibaki kulia kwake. Nyuma yake wageni wanne nao walikuwa wanapiga pedali papo hapo. Mmoja akabadilisha gia. Mwengine akanywa maji. Wanu akainua kichwa akamwona mama yake amesimama katikati ya njia, kavaa kanga zake za rangi ya zambarau, miaka sita na miezi minne baada ya kuzikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shuka. Hiyo haiendi."

Wanu akashuka. Nyuma ya Bi Shemsa walikuwapo wengine, wamesimama pande zote mbili za njia, mmoja hapa na mwengine pale, mpaka upeo wa macho. Wengi aliwajua. Aliyekuwa mwadhini alikuwapo, na mkunga, na mume wa Bashira aliyeanguka mnazini. Jua lilikuwa kali na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jasho. Nzi waliokuwa wakiwasumbua wageni hawakuwagusa wao. Harufu ya kafuri ilikuwa nyepesi, ya kunusa mara moja na kuizoea. Wageni wakawasalimia "Jambo," na wafu wakawaitikia.

"Umekuja lini, mama?"

"Tangu jana. Sote tumekuja pamoja."

"Mnatuzibia."

"Ndiyo, tunaziba. Tumekubali njia ifungwe."

"Mmekubali lini? Nani kakuulizeni?"

"Hatukuulizwa. Tumesomwa," alisema Bi Shemsa. "Mtu kalisoma jina langu kamili, kisha akasema, amekubali. Sisi huku hatuna kauli, Wanu. Tunakwenda na tunavyosomewa."

Wanu akawageuza wageni wake. Akawaambia kuwa njia ina matengenezo, wakaelewa, maana hata kwao njia hufanyiwa matengenezo. Aliwafikisha bandani, akawaagizia chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, akapanda tena baiskeli akaenda Mwambajuu kwa Sheha.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Siku ya kuifungua njia, miaka minne nyuma, Wanu alimwalika diwani aje kukata utepe, na diwani wa wakati ule alikuwa mtu wa chama cha upande wa pili. Sheha Haroub, ambaye ndiye serikali ya pale kijijini, akawekewa kiti safu ya nyuma, karibu na masufuria ya pilau. Wanu hakukusudia; viti vilikuwa vichache na mgeni hukaa mbele. Uchaguzi ulipokuja, diwani akaanguka. Sheha hakuanguka, kwa kuwa sheha hapigiwi kura, huteuliwa, na ile safu ya nyuma hakuisahau. Ilipotokea kampuni moja ikiyataka maweni yale ijenge nyumba za mapumziko na kuzizungushia ukuta, Sheha aliona kuwa kijiji hakina sababu ya kukataa.

Kilichotakiwa ni muhtasari wa mkutano wenye majina ya wanakijiji arubaini waliokubali. Mkutano ukaitishwa asubuhi ya bamvua, maji yametoka mpaka mwambani na wanawake wote wako kwenye mwani. Wakaja watu tisa. Sheha akamwambia karani wake anakili tu majina arubaini kutoka daftari la wakaazi.

Karani alikuwa kijana wa Bububu aitwaye Anuar, hajatimiza mwaka pale kijijini, na alikuwa na hati nzuri. Kwa ajili ya hati hiyo, msikiti ulikuwa umempa daftari la hitima ili alinakili upya. Ni lile daftari lenye majina ya marehemu wa kijiji, linalosomwa kila hitima ili kila mmoja arehemewe kwa jina lake. Kabatini mwake likawa limelazwa juu ya daftari la wakaazi. Yote mawili yalikuwa na jalada la buluu. Anuar akachukua la juu, akanakili majina arubaini kwa utulivu, akaongeza moja la akiba, akampelekea Sheha. Sheha akatazama idadi, akapiga mhuri. Muhtasari ukapelekwa mjini, kwenye ofisi moja ya ghorofa ya pili, na huko afisa mmoja, mtu mwenye uangalifu, akausoma kwa sauti mbele ya wenzake jina baada ya jina, na kila jina akalimalizia kwa neno amekubali. Ilikuwa Jumapili? La, ilikuwa Jumatatu, saa nne, na kwa saa hiyo hiyo watu wa Mwambajuu waliokuwa karibu na makaburi waliona vumbi dogo.

Wanu alipofika ofisini, baba yake Sheha alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini. Mzee huyo alikufa mwaka elfu mbili na tatu. Wanu akamwamkia, akaitikiwa, akaingia ndani.

"Sheha, mama yangu yumo kwenye orodha yako."

"Yumo," alisema Sheha Haroub bila ya kufungua jalada. "Nambari kumi na tisa."

"Mama yangu kafa."

"Nnajua, Bi Wanu. Jeneza nimelibeba mie."

"Basi lifute jina lake."

"Haya si majina ya ubaoni, mama. Nshapiga mhuri, na mjini wameshapokea. Anayetaka kujitoa ajitoe mwenyewe, mkutanoni, kwa mdomo wake."

"Mdomo wake hauwezi kusema jengine. Nimetoka kumuuliza sasa hivi."

Sheha akaangalia dirishani, pale ilipoonekana kofia ya baba yake. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, asiyependa kelele. "Maiti haulizwi sanda, Bi Wanu," alisema.

"Haulizwi. Lakini nyinyi mmemuuliza, na mmemjibia."

Karani Anuar, aliyekuwa kwenye meza ndogo pembeni, alimfuata Wanu hadi nje. Akamwonyesha madaftari yote mawili. "Niliona kila jina limeandikwa bin fulani bin fulani mpaka babu wa tatu," alisema. "Nikasema moyoni, hawa watu wa kusini wana adabu ya kuandika."

"Ungesoma jalada, Bwana Anuar."

"Ningesoma," alisema Anuar. "Na mie nshamwambia Sheha tuandike barua. Kaniambia barua inataka mhuri."

Kijiji kiliwazoea wafu kwa siku chache. Walikuwa wakitokea maweni saa mbili za asubuhi na kuondoka baada ya alasiri, sawa na ofisi. Hawakuingia majumbani wala hawakuomba kitu. Watu waliowahitaji waliwafuata kule kule. Bashira, mkulima wa mwani, alipeleka jamvi akawa anasuka kamba karibu na mumewe, wakizungumza habari za watoto. Mjane mmoja alikwenda siku ya kwanza, akasimama mbali, akarudi nyumbani na hakwenda tena. Mbuzi walipita baina yao bila ya taabu. Baiskeli haikupita, iwe ya Wanu au ya mtu mwingine. Mtu wa miguu naye aliweza kutembea kutwa nzima akabaki penye kona ya pango, na wanawake waliokuwa wakienda mashambani wakaanza kuzunguka barabara kuu, mwendo wa saa moja na nusu zaidi. Lori la kampuni lilipokuja na mawe ya ukuta, wafu wakasogea pembeni wakalipisha. Mafundi wakaanza kupima. Walifanya kazi zao kimya, na walipotaka kuvuta uzi wa kupimia waliwaomba wafu radhi.

Wanu alikwenda kila siku. Banda lilikuwa limefungwa, baiskeli nane zimeegemezana gizani, na wageni waliokuja aliwaelekeza ufukweni wakaangalie vishada vya wanaoteleza majini. Siku ya nne akamshika mama yake mkono. Ulikuwa baridi ya kawaida, baridi ya mtungi.

"Mama, hebu sema: sikubali."

"Siwezi, Wanu."

"Jaribu tu. Kwa ajili yangu."

Bi Shemsa akafungua kinywa. Wanu aliuona ulimi ukijipanga kwa neno lile, midomo ikikutana na kuachana, na sauti iliyotoka ikasema, "Nimekubali." Akajaribu tena. Ikatoka ile ile, na safari hii haikuwa sauti yake kabisa, ilikuwa sauti ya mwanamme aliyezoea kusoma makaratasi. Mara ya tatu Bi Shemsa akaweka kiganja kifuani.

"Basi, mwanangu. Linanikwaruza likitoka."

Wanu akalia. Hakulia kwa sababu ya njia. Alilia kwa kuwa alimjua mama yake, mwanamke aliyewahi kukataa posa tatu na kumfukuza mpima ardhi kwa ufagio, na sasa hata neno moja la kukataa halikuwamo ndani yake.

Akafikiri, ikiwa wanakwenda na wanavyosomewa, basi na wasomewe upya. Akachinja kuku wake wote, akapika, akaomba hitima isomwe. Kijiji kizima kilikuja, na Anuar alikuja amevaa kanzu, akakaa karibu na mlango. Majina yakasomwa yote kutoka daftari la buluu, safari hii mahala pake, na kila mmoja akaombewa rehema. Wanu alimwomba mwalimu aliyeiongoza hitima aongeze mwishoni kuwa marehemu hawa hawakukubali. Mwalimu akajibu kwa upole kwamba pale panasomwa Qur-ani, na mambo ya viwanja yana pahala pake. Kesho yake wafu walikuwapo maweni saa mbili ile ile. Nyuso zilikuwa zimenawiri kidogo na kafuri imechanganyika na marashi. Walimshukuru Wanu mmoja mmoja, wakabaki walipo.

Ikabaki njia ya mkutano. Sheha alisema unaweza kuitishwa iwapo wanakijiji hamsini watautaka kwa maandishi, na Wanu akazunguka nyumba kwa nyumba akapata themanini na tatu. Wengi walitia saini kwa furaha. Ukuta ulishafika kiunoni, na wanawake walishachoka kuzunguka barabarani. Safari hii Wanu alichagua tarehe mwenyewe. Akasubiri maji mafu, siku ambazo bahari haitoki ya kutosha na hakuna wa kwenda kwenye mwani, akataka iwe Jumapili saa nne, uwanjani kwa skuli. Sheha akakubali yote bila ya kubishana, jambo ambalo lingemshtua Wanu lau asingekuwa na furaha.

Siku ilipofika, walio hai walikuja zaidi ya mia. Wakakuta wafu wote arubaini na moja wamekwisha kuketi kwenye viti vya mbele. Hakuna aliyewaweka pale; ni wazee, na wazee hukaa mbele. Sheha alisimama, akasoma utaratibu. Watakaopiga kura ni wale waliomo kwenye muhtasari wa mwanzo, kwa kuwa ndio unaojadiliwa, pamoja na kila mkaazi mwenye kitambulisho na jina lake limo kwenye orodha ya shehia kama ilivyohakikiwa. Anuar akaisoma orodha hiyo, macho ameyaelekeza chini. Ilikuwa na majina thelathini na mbili. Fomu za wengine zilikuwa zinafanyiwa kazi. Nyingi zilikuwa zinafanyiwa kazi tangu mwaka ule wa utepe.

"Mie nimezaliwa hapa," alisema Bashira kutoka nyuma.

"Nnajua, Bi Bashira. Fomu yako iko mezani kwangu."

"Na hawa mbona hawakuulizwa vitambulisho?"

Watu wakageuka wakawatazama waliokaa mbele. Mume wa Bashira alikuwa kiti cha sita, amepakata kofia yake. Palikuwa na baba za watu na mama za watu, na mtoto mmoja wa miaka tisa aliyekufa kwa homa, aliyeingia kwenye muhtasari kama nambari thelathini na tatu. Sheha akasubiri. "Nani atasimama amwambie mzazi wake atoke mkutanoni?" aliuliza. Hakuuliza kwa dharau. Baba yake mwenyewe alikuwa amekaa hapo mbele.

Hakusimama mtu. Bashira akaketi.

Wakaanza na wanaotaka njia ifunguliwe. Mikono ishirini na sita ikanyooshwa, wa Wanu ukiwa wa kwanza, na Anuar akaandika ubaoni kwa chaki. Kisha wakaitwa wanaokubali njia ifungwe. Sheha akanyoosha wake, na ndugu zake watano, na wafu wote arubaini na moja wakanyoosha kwa pamoja. Mikono yao haikutikisika na upepo uliokuwa ukizipeperusha nguo za wengine.

Kuhesabu kukawa kazi. Macho hayakuweza kukaa juu yao kwa muda. Ukimtazama mmoja unajikuta unamtazama aliye nyuma yake. Anuar alifika kumi na nne akapotea. Akaanza upya, akafika ishirini, akapotea tena. Sheha akaomba mikono ibaki juu mpaka hesabu imalizike, ili mtu asije akasema baadaye kuwa palikuwa na udanganyifu.

Wanu alikuwa safu ya tatu. Kutoka pale aliuona mkono wa mama yake ukianza kushuka, ukisita, ukipandishwa tena kwa nguvu. Bega lile la kulia lilikufa zamani kabla ya mwenyewe, kwa kushikilia mizigo kichwani, na miaka yake ya mwisho Wanu ndiye aliyekuwa akimsuka nywele na kumfunga kanga, maana hakuweza kuunyanyua mkono kupita sikio. Bi Shemsa hakulalamika, lakini aligeuza shingo, akatafuta katika watu, akamwona binti yake.

"Bega, Wanu," alisema.

Wanu akatoka safu ya tatu. Akapita baina ya viti, watu wakivuta magoti kumpisha, akasimama nyuma ya mama yake. Akatia mkono wake mmoja chini ya kiwiko cha mama yake, kwa mwengine akamshika kifundo, akaunyoosha juu mkono ule kwa taratibu kama alivyokuwa akimfanyia akimvisha. Mkono ulikuwa mwepesi sana. Bi Shemsa akashusha pumzi, akaliegemeza bega kwenye tumbo la mwanawe.

"Ahsante, mama yangu," alisema, kama kina mama wanavyowaita watoto wao wa kike.

Anuar akaja na chaki yake, anahesabu kwa kunong'ona, akielekeza kidole kwa kila mmoja ili asipotee. Akafika kwao. Akauhesabu mkono wa Bi Shemsa, akauhesabu na wa Wanu uliokuwa umeushikilia, akaendelea na safu iliyofuata.